Nani Aruhusiwe Kuingia Kwenye Kiini?

Ndani ya kila kompyuta, simu janja na mashine ya kutolea fedha mna programu moja ambayo mtumiaji haioni wala haifungui, lakini bila hiyo hakuna programu nyingine inayoweza kuandika neno kwenye skrini, kusoma faili kwenye diski au kupeleka ujumbe kwenye mtandao. Programu hiyo huitwa kiini, nayo ndiyo sehemu ya mfumo endeshi inayogawa muda wa prosesa, inayolinda kumbukumbu ya kila programu isiingiliwe na nyingine, na inayozungumza na vifaa kwa niaba ya programu zote. Wataalamu wa kompyuta walikubaliana zamani kwamba kiini lazima kiwepo. Wasichokubaliana, kwa zaidi ya miaka 50 sasa, ni kazi zipi zikae ndani yake na zipi zitolewe nje, na mvutano huo unaoonekana kuwa wa wasomi ndio unaoamua kama kosa dogo la mtunzi wa programu litafunga dirisha moja tu au litasimamisha viwanja vya ndege.

Msingi wa suala hili umo katika prosesa yenyewe, ambayo hutekeleza amri katika madaraja tofauti ya mamlaka. Prosesa za Intel zimekuwa na madaraja 4 tangu miaka ya 1980, ingawa mifumo mingi hutumia mawili tu: daraja la kiini, ambamo amri zote zinaruhusiwa na kumbukumbu yote iko wazi, na daraja la mtumiaji, ambamo programu huona kipande cha kumbukumbu ilichogawiwa tu na, ikihitaji kitu kingine chochote, lazima itume ombi kwa kiini na kungoja jibu. Programu ya kuandikia barua iliyo katika daraja la mtumiaji ikigusa anwani ya kumbukumbu isiyo yake, prosesa huikatiza papo hapo na kukirudishia kiini hatamu, nacho huifunga programu hiyo na kuendelea na kazi nyingine. Mwandishi wa barua atapoteza ukurasa, lakini muziki aliokuwa akiusikiliza hautakatika. Kosa lilelile likitokea ndani ya kiini, hakuna mamlaka ya juu zaidi ya kulishughulikia.

Kompyuta inayozimika kwa namna hiyo, aghalabu, haikushindwa kuendelea, imekataa kuendelea. Kiini kinachogundua kosa ndani yake hakina njia ya kujua ni sehemu ipi ya kumbukumbu ambayo bado ni sahihi, na kikisonga mbele hivyohivyo kinaweza kuandika data mbovu juu ya faili za miaka mingi, kwa hiyo hujisimamisha kwa makusudi, huandika maelezo ya kosa na kuomba mashine iwashwe upya. Skrini ya bluu ya Windows, ambayo imedhihakiwa kwa miongo mitatu, ni kitendo cha tahadhari, na lawama zinazoielekea zingefaa zielekezwe kwa kilichotangulia, yaani uamuzi wa kuweka ndani ya kiini msimbo ambao haukulazimika kuwamo.

Wazo la kiini kidogo ni la zamani kuliko linavyodhaniwa. Mwaka 1969 Per Brinch Hansen, mhandisi wa Denmark, alibuni kwa ajili ya kompyuta ya RC 4000 mfumo ambao kiini chake kilikuwa na kazi chache sana, hasa kuanzisha programu na kuziwezesha kupelekeana ujumbe, huku sera nyingine zote zikiachiwa programu za kawaida. Mwaka huohuo, katika maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuandika Unix, iliyokwenda njia nyingine: mfumo wa faili, ugawaji wa kumbukumbu na viendeshi, yaani vile vipande vya programu vinavyojua lugha ya kila kifaa kuanzia diski hadi printa, vyote viliunganishwa kuwa programu moja inayofanya kazi katika daraja la juu, yaani kiini kikubwa. Faida ya njia hiyo ni mwendo, kwa sababu sehemu moja ya kiini ikihitaji msaada wa nyingine huiita moja kwa moja bila kuvuka mpaka wowote, ilhali katika kiini kidogo ombi la kusoma faili linaweza kuvuka mpaka kati ya madaraja mara kadhaa, na kila uvukaji unagharimu muda wa prosesa. Linux, ambayo Linus Torvalds alianza kuitoa kwa umma mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ilifuata nyayo za Unix, na leo msimbo wake umepita mistari milioni 30.

Sehemu kubwa ya mistari hiyo, zaidi ya nusu, ni viendeshi, na hapo ndipo tatizo la uthabiti lilipojificha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliochunguza msimbo wa Linux kwa programu ya kusaka makosa, ulionyesha kwamba kiwango cha makosa katika viendeshi kilikuwa kati ya mara 3 na mara 7 ya kile cha sehemu nyingine za kiini. Miaka miwili baadaye, wasomi wa Chuo Kikuu cha Washington waliojenga kinga ya viendeshi iliyoitwa Nooks waliandika kwamba asilimia 85 ya maanguko ya Windows XP yaliyokuwa yameripotiwa karibuni yalisababishwa na viendeshi. Takwimu hizo hazishangazi mtu akifikiria jinsi viendeshi vinavyoandikwa. Mtunzi wake mara nyingi ni mwajiriwa wa kiwanda cha kadi za sauti au kamera, aliyebobea katika kifaa chake na si katika kanuni za kiini, anayelazimika kushughulikia matukio yanayofika kwa mpangilio usiotabirika, na ambaye kazi yake haitajaribiwa na watu wengi kama wanaoujaribu mfumo wa faili kila siku. Mtu huyo hupewa mamlaka yaleyale aliyo nayo mbunifu mkuu wa mfumo. Ni mgeni wa siku moja aliyekabidhiwa funguo zote za nyumba.

Jaribio kubwa la kwanza la kurekebisha hali hiyo, lililotangulia tafiti hizo, lilikuwa Mach, mradi ulioanza mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon chini ya Richard Rashid, nao uliishia kuipa hoja ya kiini kidogo sifa mbaya ya uzito. Mach ilikuwa na mawazo mazuri, lakini upelekaji wa ujumbe ndani yake ulikuwa wa polepole kiasi kwamba waliojenga mifumo juu yake walianza kurudisha huduma ndani ya kiini moja baada ya nyingine. Apple, iliyoinunua kampuni ya NeXT na kurithi teknolojia yake iliyojengwa juu ya Mach, hadi leo hutumia katika kompyuta na simu zake kiini kiitwacho XNU, ambamo Mach na msimbo wa Unix ya BSD vinaishi pamoja katika daraja moja. Huo ndio mfano wa kile kinachoitwa kiini mseto, jina ambalo kwa kweli huficha mengi, kwa kuwa kiendeshi kikikosea ndani ya kiini mseto madhara yake hayatofautiani na yale ya kiini kikubwa.

Katika hali hiyo, Januari 1992, Andrew Tanenbaum, profesa wa Vrije Universiteit ya Amsterdam na mtunzi wa mfumo wa kufundishia uitwao Minix, alimshambulia Torvalds hadharani kwa hoja kwamba kujenga kiini kikubwa wakati huo kulikuwa ni kurudi miaka ya 1970. Torvalds alikubali kwamba kinadharia kiini kidogo ni kizuri zaidi, lakini akashikilia kwamba mfumo wake ulikuwa tayari unafanya kazi na unapatikana bure. Historia ya soko ilimpa Torvalds ushindi usio na shaka. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya kompyuta kuu zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux. Hata hivyo, hoja ya mwendo iliyotumiwa dhidi ya viini vidogo ilikuwa imeanza kupwaya muda mfupi tu baada ya mjadala huo. Mwaka 1993 Jochen Liedtke, mtafiti wa Ujerumani, alionyesha kwamba ujumbe mfupi uliochukua mikrosekunde 115 katika Mach ungeweza kupelekwa kwa takriban mikrosekunde 5 kwenye prosesa ileile, alimradi kiini kiandikwe upya kuanzia chini kwa kuzingatia tabia ya prosesa na kumbukumbu yake ya karibu. Uzito, kwa mujibu wa Liedtke, ulikuwa wa Mach na haukuwa wa wazo lenyewe, na mwaka 1997 Linux iliyowekwa juu ya kiini chake cha L4 ilipimwa na kuonekana kupungukiwa na takriban asilimia 5 tu ya kasi ya Linux ya kawaida.

Microsoft, kwa upande wake, ilipita njia zote mbili, na mwenendo wake unafundisha zaidi kuliko mjadala wowote wa vyuoni. Windows NT, iliyobuniwa na Dave Cutler na wenzake waliotoka kampuni ya Digital, ilitolewa mwaka 1993 ikiwa na mpangilio ulioathiriwa na fikra za viini vidogo, na kazi ya kuchora madirisha kwenye skrini ilifanywa na programu iliyokuwa katika daraja la mtumiaji. Picha zilikwenda taratibu, na katika toleo la NT 4.0 la mwaka 1996 kazi hiyo pamoja na viendeshi vya picha ilihamishiwa ndani ya kiini. Utetezi uliotolewa ulikuwa na mantiki: programu ya madirisha ikifa, mtumiaji hubaki na skrini isiyomsikiliza, kwa hiyo hakuna alichoongezewa kwa kuambiwa kwamba kiini bado kiko hai. Utetezi huo ulisahau kwamba kosa lililo nje ya kiini haliwezi kuharibu data za mfumo wa faili, na kwamba seva isiyo na mtu mbele yake haihitaji skrini hata kidogo. Miaka 10 baadaye, Windows Vista iligeuza tena mwelekeo kwa kugawa kiendeshi cha picha vipande viwili, kikubwa kikakaa nje, na kuongeza utaratibu ambao kadi ya picha isipojibu kwa sekunde 2 huanzishwa upya peke yake. Mtumiaji huona skrini ikiwa nyeusi kitambo kidogo kisha ikarudi, pale ambapo zamani angeona ya bluu. Mpaka wa kiini cha Windows, basi, umesogezwa ndani na nje kwa kufuata bei ya prosesa na malalamiko ya wateja, na nadharia imekuja nyuma kama mwandishi wa kumbukumbu za kikao.

Kutoa kiendeshi nje ya kiini, hata hivyo, si mwisho wa kazi, na jambo hili watetezi wa viini vidogo hawakulisema kwa sauti kubwa hadi walipojaribu wenyewe. Tanenbaum na wanafunzi wake walitoa Minix 3 mwaka 2005, ambayo kila kiendeshi ndani yake ni programu ya kawaida, na seva moja maalumu hukaa ikivipigia hodi viendeshi vyote. Kisichoitika huuawa na nakala mpya kuanzishwa mahali pake bila mtumiaji kuombwa chochote. Walipopandikiza kwa makusudi mamia ya maelfu ya hitilafu katika viendeshi vya kadi za mtandao, mfumo ulisimama imara, lakini katika visa vichache kadi yenyewe ilibaki imevurugika kiasi kwamba kiendeshi kipya hakikuweza kuiamsha, ikabidi kompyuta nzima iwashwe upya. Ukuta wa kumbukumbu unailinda programu dhidi ya programu. Haumlindi mtu dhidi ya chuma kilichopotea njia.

Ugumu mwingine ni ule wa kumbukumbu za kazi zilizokuwa zikiendelea. Kiendeshi cha mtandao kikifa, pakiti zilizopotea hutumwa tena na itifaki za mtandao zilizozoea upotevu, lakini seva ya mfumo wa faili ikifa hufa pamoja na orodha ya faili zilizofunguliwa, nafasi ambayo kila programu ilikuwa imefikia kusoma, na data zilizokuwa zikingoja kuandikwa kwenye diski. Seva mpya itakayozaliwa haitajua lolote kati ya hayo, na programu zilizokuwa zikiitegemea zitaanguka zikiwa zimezungukwa na kiini kizima kisicho na kosa. Zaidi ya hayo, vifaa vingi huandika kwenye kumbukumbu moja kwa moja bila kupitia prosesa, hivyo kiendeshi kibovu kilichofungiwa nje ya kiini bado kinaweza kukiamuru kifaa chake kiandike juu ya kiini chenyewe, isipokuwa kama kompyuta ina sakiti ya ziada inayochuja maandishi ya vifaa, sakiti ambayo kompyuta za kawaida zilichelewa kuipata. Kwa maneno mengine, uthabiti unahitaji mambo mawili, kuzuia kosa lisienee na kurejesha kilichokuwapo kabla yake, na muundo wa kiini unajibu la kwanza tu.

Mahali ambapo viini vidogo vilishinda ni pale ambapo hakuna mtu wa kubonyeza kitufe cha kuwashia upya. QNX, iliyoanzishwa mwaka 1980 na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada na ambayo sasa inamilikiwa na BlackBerry, imo ndani ya zaidi ya magari milioni 200, na pia katika vifaa vya hospitali na mitambo ya viwandani. Hatua ya mbali zaidi ilifikiwa Australia mwaka 2009, ambako watafiti wa taasisi ya NICTA walitangaza uthibitisho wa kihisabati wa kiini cha seL4, chenye takriban mistari 8,700 ya lugha ya C, kwamba kinafanya kile hasa kilichoandikwa katika maelezo yake rasmi. Uthibitisho wenyewe ulichukua takriban mistari 200,000, uliokaguliwa na kompyuta hatua kwa hatua. Uwiano huo wa zaidi ya mistari 20 ya hoja kwa kila mstari mmoja wa msimbo unaeleza kwa nini hakuna anayefikiria kufanya hivyo kwa Linux, na unaeleza pia faida ya udogo ambayo mijadala ya kasi iliifunika: kilicho kidogo kinaweza kusomwa chote na mtu mmoja. Uthibitisho nao una mipaka yake, kwa kuwa unachukulia kwamba chuma chenyewe hakikosei.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila kuganda kwa mfumo kunatokana na mahali mipaka ilipowekwa. Chombo cha Mars Pathfinder, kilichotua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, kilianza kujiwasha upya mara kwa mara siku chache baada ya kutua, ingawa hakuna programu yake iliyogusa kumbukumbu isiyo yake: kazi yenye kipaumbele cha chini ya kukusanya data za hali ya hewa ilishika kufuli la rasilimali iliyohitajiwa na kazi yenye kipaumbele cha juu, kazi za kati zikaizuia ile ya chini isimalize, na mlinzi wa muda, alipoona kazi ya juu imechelewa, akaamuru chombo kizima kianze upya. Wahandisi waliokuwa duniani waliwasha kwa mbali chaguo lililokuwamo tayari katika mfumo wa VxWorks, ambalo humwazima mshika kufuli hadhi ya anayemngoja, na tatizo likaisha. Windows 95 nayo ilikuwa na kaunta ya milisekunde iliyojaa baada ya siku 49.7 na kuugandisha mfumo. Kasoro hiyo ilidumu miaka kadhaa kabla ya kurekebishwa, labda kwa sababu mashine chache za wakati huo zilifanikiwa kukaa zimewaka siku zote hizo.

Yote hayo yangebaki katika vitabu vya wanafunzi kama si Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike, inayouza programu ya ulinzi dhidi ya mashambulizi ya mtandaoni, ilisambaza faili dogo la maelekezo kwa wateja wake wa Windows. Saa 2:27 ililiondoa, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuanguka, idadi isiyofikia asilimia moja ya mashine zote za Windows ingawa zilikuwa mashine za benki, hospitali na mashirika ya ndege. Delta pekee ilifuta takriban safari 7,000 katika siku zilizofuata. Chanzo, kama kampuni yenyewe ilivyoeleza baadaye, kilikuwa hesabu isiyolingana: msimbo uliokuwa ndani ya kiini ulitarajia thamani 21 na ukapewa 20, ukanyoosha mkono kuchukua ya 21 kutoka sehemu ya kumbukumbu isiyohusika, na kiini kikajisimamisha kama kilivyofundishwa.

Kosa la aina hiyo katika daraja la mtumiaji lingefunga programu moja. Lililolifanya kuwa janga ni mkusanyiko wa maamuzi ambayo kila moja lilikuwa na sababu yake. Programu za ulinzi hupenda kukaa ndani ya kiini kwa sababu huko huona kila faili linalofunguliwa na kila programu inayoanzishwa, na wavamizi hawawezi kuzizima kwa urahisi. Hutaka pia kuanza mapema kabisa mashine inapowashwa, kabla ya mvamizi, na kwa hiyo kompyuta zilizoanguka zilianguka tena kila zilipowashwa, kabla ya kuupata mtandao ambao ungeweza kuzipa faili jipya. Mafundi walilazimika kuifikia mashine moja baada ya nyingine, kuiwasha katika hali salama na kufuta faili kwa mkono, na pale ambapo diski ilikuwa imefungwa kwa usimbaji walihitaji kwanza kutafuta ufunguo wa kila moja. Kiendeshi chenyewe kilikuwa kimepimwa na kuidhinishwa na Microsoft. Faili la maelekezo ambalo kilikuwa kikilisoma halikupita katika upimaji huo, kwa kuwa lengo lake lilikuwa kubadilishwa haraka kadiri mashambulizi mapya yanavyotokea. Mlango wa kiini ulilindwa dhidi ya msimbo, na kilichopita kikaitwa data.

Kompyuta za Apple hazikuguswa, kwani faili hilo halikuwahusu, lakini pia kwa sababu ya jambo la ndani zaidi: kuanzia toleo la macOS la mwaka 2019 Apple ilianza kuwahamisha watunzi wa nje kutoka ndani ya kiini chake, ikawajengea njia rasmi ya kupokea taarifa za usalama wakiwa katika daraja la mtumiaji. Msemaji wa Microsoft aliliambia gazeti la The Wall Street Journal kwamba kampuni yake haikuweza kufanya hivyo kutokana na makubaliano iliyoingia na Tume ya Ulaya mwaka 2009, yanayotaka washindani wake wa programu za ulinzi wapewe nafasi sawa na bidhaa zake. Utetezi huo ni nusu ya ukweli. Makubaliano yanadai usawa, hayadai kiini kiwe wazi. Microsoft ingetoa programu yake ya ulinzi nje pamoja na za wengine, sharti lingetimia, na tangu Novemba 2024 imekuwa ikitangaza mpango unaoelekea huko. Kinachobaki kuwa kweli ni kwamba mpaka wa kiini umekuwa pia mpaka wa biashara, na kwamba anayemiliki kiini akifunga mlango kwa jina la uthabiti hujiachia ndani peke yake.

Linux inajaribu njia ya tatu. Tangu mwaka 2014 ina utaratibu uitwao eBPF, unaoruhusu programu ndogo kupakiwa ndani ya kiini baada tu ya mkaguzi wa ndani kuzipitia amri zake zote na kuridhika kwamba hazitagusa kumbukumbu isiyo yake wala kuzunguka bila mwisho; mkaguzi huyo naye ni programu, na makosa yamewahi kupatikana ndani yake, lakini ni mahali pamoja pa kurekebisha badala ya elfu. Desemba 2022, toleo la 6.1 lilipokea pia lugha ya Rust, ambayo kikusanyaji chake, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa, hukataa aina nyingi za makosa ya kumbukumbu ambayo C huyaruhusu yapite kimya. Mbinu hizi mbili zina nia moja, kupata manufaa ya ukuta bila kulipa ushuru wa kuuvuka, ushuru ambao uliongezeka mwaka 2018 pale kasoro ya prosesa iliyoitwa Meltdown ilipowalazimu watunzi wa mifumo kutenganisha majedwali ya kumbukumbu ya kiini na ya programu.

Msomaji wa Afrika Mashariki anakutana na Linux zaidi mfukoni kuliko mezani, maana simu nyingi zinazouzwa Kariakoo, Luthuli au Kampala ni za Android, na kiini cha Android ni Linux. Huko nako viendeshi viliwahi kuwa chanzo cha simu kujizima na cha matoleo mapya kutofika, kwa sababu kila mtengenezaji wa chipu alikuwa na kiini chake alichokichonga mwenyewe. Kuanzia Android 8 ya mwaka 2017, Google ilitenga sehemu kubwa ya msimbo wa watengenezaji katika programu zinazojitegemea nje ya kiini, hivyo msimbo wa kamera ukianguka leo mara nyingi mtumiaji huambiwa kwamba kamera imesimama, huku simu ikiendelea kupokea ujumbe wa pesa kama kawaida. Baadaye Google ikaanzisha kiini cha pamoja ambamo viendeshi huchomekwa kama vipande vya kando.

Huawei, iliyoondokewa na huduma za Google kutokana na vikwazo vya Marekani, ilianzia upande wa pili na kujenga kiini kidogo cha Hongmeng kwa ajili ya simu na magari. Katika maelezo ya kitaalamu waliyoyawasilisha mwaka 2024, wahandisi wake wanasema kwamba utengano kamili uliwagharimu mno kwenye simu, kwa hiyo waliziweka huduma katika tabaka: zinazoaminika na kuitwa mara nyingi zilirudishwa ndani ya daraja la kiini, na zisizoaminika zikabaki nje, vikiwamo viendeshi walivyoviazima kutoka Linux.